Bitana ya Mueni

Jumatatu, 4 Agosti
Leo Mama Winfred ameleta habari njema. Ntheo ya binti yake Winfred, ile sherehe ya posa ya mbuzi, ni Jumamosi! Mbuzi watachinjwa, wakwe watatoka Masinga, na meza ndefu inataka kitambaa cha kushindiliwa: juu ua, chini rangi moja, katikati bitana laini. Pia kile chembamba cha kupita katikati ya meza. Atapima sampuli yangu na ya Mueni siku ya Alhamisi, achague fundi mmoja. Masii nzima itakuwepo. Nikikosa hii, nitashona viraka vya suruali mpaka nizeeke.

Shida ni Mueni, fundi wa mlango unaonitazama. Nilipita kwake kumsalimia. Uongo, nilipita kuchungulia. Kitambaa chake kimelala mezani, kikombe kimesimama juu yake wima kama askari. Mishono imenyooka yote. Nilisimama pale mdomo wazi.

Kuuliza si ujinga, nikamuuliza bitana ni gani. Alinijibu bila kuficha: pamba nyembamba, ile ya nguo za kulala za watoto, uifue mara mbili kabla ya kukata. Ati uifue! Maji haya ya kununua, ya kuletwa na punda, Agosti hii, mtu afue kitambaa kipya kisicho na uchafu? Nilicheka kimoyomoyo. Mama huyu ni mjanja, anataka nimalize mitungi.

Jumanne, 5 Agosti
Dukani kwa Nur. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka Mueni hununua nini. Nur akateremsha jora la pamba ya nguo za watoto, akaongeza kwamba nisisahau kuifua. Kumbe wamepanga pamoja! Sikununua kitu.

Nimekata godoro langu. Sponji, unene wa vidole viwili. Sampuli imefura vizuri sana. Nitalala kwa nusu iliyobaki.

Jumatano, 6 Agosti
Chai imemwagika. Tena. Kikombe hakisimami juu ya sponji hata ukikibembeleza. Mueni alichungulia mlangoni akaniuliza, "Nzioka, hii ni meza ama ni kitanda?" Halafu akaniletea kitambaa cha kupangusia. Moyo wake ni mzuri, hilo nalikiri.

Nimepata wazo kubwa zaidi. Nailoni ya kujazia mito! Nyepesi, nyeupe, inalala sawa, na kikombe kimesimama. Mimi si mtu wa kawaida.

Alhamisi, 7 Agosti
Mama Winfred alikuja na sufuria ya mahindi ya muthokoi, imetoka motoni sasa hivi. Sikujua kuna mtu hupima kitambaa kwa sufuria. Aliitua juu ya sampuli yangu. Kukawa na harufu. Alipoinua sufuria, kitambaa kikainuka nayo, kimegandia chini, nailoni imeyeyuka yote.

Akaitua juu ya sampuli ya Mueni. Akainua. Hakuna alama, hakuna kunyanzi! Nilipiga makofi. Nilisahau kabisa kwamba tunashindana.

Mueni amepewa kazi. Lakini ndiye aliyeniombea nipewe kile chembamba, na akanikatia pamba yake mwenyewe. Ameniambia mara tatu niifue kwanza. Mara tatu! Mtu husisitiza hivyo kwa nini kama hakuna jambo?

Ijumaa, 8 Agosti
Makau, yule muuza maji, alinishushia mitungi miwili kutoka kwa punda wake. Nimefulia shati la ntheo. Pamba nimeishona vilevile ilivyo. Nimemaliza kabla ya saa kumi, mishono karibu inyooke. Nakitazama nasikia raha.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku kubwa. Kitambaa cha Mueni kilipotandikwa, kina mama wa Masinga waliacha kusalimiana wakaanza kukipapasa. Changu juu yake kilipendeza pia. Mkwe mmoja aliuliza fundi ni nani. Nilisimama.

Kisha mzee mmoja akagonga bakuli la supu ya mbuzi. Ikamwagikia vyote viwili. Mama Winfred akavifua papo hapo, akavianika, vikakauka kabla ya chai.

Cha Mueni kilirudi kama kilivyotoka. Changu kilirudi kimejikunja, kimepungua shubiri mbili, uso mzima makunyanzi. Yule mkwe akauliza kama ni bibu ya kukinga mate ya mtoto. Nilitamani kuingia zizini na mbuzi waliobaki.

Mueni aliinuka polepole, akakichukua, akakiweka chini ya sahani ya mkate, akasema kwa sauti kwamba hiki ni cha mkate na fundi alikikusudia hivyo. Watu wakaitikia "ii" na kuendelea kula. Machozi yalinilenga. Mishono namna ile, na bado ana heshima ya kumsitiri mwenzake! Hakuna fundi kama yule kuanzia hapa mpaka Masinga.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya kanisa nilimshukuru. Akaniambia tena, taratibu, kwamba pamba hujikunja ikiguswa na maji mara ya kwanza, basi afadhali ijikunje kabla ya kushonwa. Nimemwambia nimeelewa.

Nimekaa nikafikiri mchana kutwa. Pamba ni ileile, nimeipokea kutoka mkononi mwake. Sindano ni namba ileile. Tofauti iko wapi? Nimeiona! Makau ana punda wawili. Maji ya Mueni huletwa na yule mwenye sikio jeupe. Yangu huletwa na yule wa kijivu. Wiki nzima mbele ya macho yangu!

Nimemwagiza Makau mitungi sita, punda wa sikio jeupe tu. Kitambaa sifui, kipya hakina uchafu. Maji nitayanyunyizia cherehani.