Ukaidi wa Sirin Umetoka kwa Nani

Jumatatu, 5 Mei
Mama mkwe ameamua. Sirin wangu, miaka mitatu, hatabeba mshumaa mbele ya bibi harusi, wifi Hayat, siku ya hina. Kisa: jana alimrushia baba wa bwana harusi keki ya tende. Akaongeza kwamba ukali huo haukutoka kwao. Mume wangu Monsef akaendelea kula kuskusi. Mume gani huyo.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Leo chekechea wametugawia dodoso la Bi Nesrin wa chuo kikuu, anayepima hulka za watoto wadogo kwa kuwauliza wazazi. Je, hukasirika akizuiwa? Kamwe, mara chache, mara nyingi, daima. Nimeomba nakala za ziada. Sayansi itasema ukali ni wa nani.

Jumanne, 6 Mei
Nimempelekea mama mkwe dodoso, ajibu kuhusu Monsef alipokuwa na umri wa Sirin. Nikasema chuo kinatafiti watoto wa zamani. Akavaa miwani kwa furaha. Monsef hakulia. Hakukataa chakula. Pembeni akaandika kwamba pia alikuwa mzuri wa sura, jambo ambalo halikuulizwa. Nikamkumbusha kovu la meno kwenye mkono wa kaka yake Monsef.

"Alikuwa anambusu, mwanangu. Alibusu kwa nguvu."

Jumatano, 7 Mei
Zamu ya mama yangu mzazi, anieleze mimi. Damu nzito kuliko maji, nikajipa moyo. Hakunihurumia. Hukasirika akizuiwa? Daima. Hupiga kelele? Daima. Nikamnyang'anya kalamu.

"Unaona?" akasema, akarudi jikoni kwa samaki wake.

Nimeichana karatasi. Nimejaza nyingine mwenyewe. Nilikuwa mtoto mtulivu sana.

Alhamisi, 8 Mei
Nimemkabidhi Bi Nesrin karatasi zote, nikamwomba atamke mwenye kosa. Akasema kwa upole kwamba dodoso huonyesha kile ambacho mzazi anakiona, na kwamba hulka si doa la kutafutiwa mwenyewe. Mtoto mkali anahitaji mtu wa kumngoja atulie. Nikakubali kila neno. Kisha nikauliza tena ni upande gani.

Akatazama saa.

Basi. Sirin atabeba mshumaa, watake wasitake.

Jumamosi, 10 Mei
Hina. Nimempenyeza Sirin katikati ya mabinti, mshumaa mkononi. Mama mkwe akamwona, akaushika. Sirin hakuachia. Huyu akavuta, na yule akavuta. Hakuna aliyelia. Videvu viwili mbele, nyusi zimekunjana namna moja. Wapiga ngoma wakasogea kutazama.

Bi Jamila, dada yake mama mkwe, akasema kutoka kwenye kochi: "Mwachie, Zakia. Unapigana na nafsi yako."

Wanawake wakacheka hadi machozi. Nilidhani mama mkwe atanimeza mzima. Akauachia mshumaa. Kisha akachutama, akamfunga vizuri utepe wa nywele, akamshika mkono, wakatangulia pamoja mbele ya bibi harusi.

Nikapiga vigelegele kuliko wote. Nimeshinda.

Jumapili, 11 Mei
Mama mkwe amepigia simu ukoo mzima. Sirin ana msimamo, anasema, haachii kilicho chake, amerithi kwake moja kwa moja. Kwetu, eti, watu ni laini laini.

Laini. Mimi.

Monsef ameniomba niache, sherehe imekwisha salama na mtoto kapendwa. Hajui kitu. Ukaidi ule ni wa kwetu, tangu kwa bibi mzaa mama, na kesho asubuhi Bi Nesrin atanikuta mlangoni kwake.