Uhakiki wa Vitanda Kumi na Viwili

Chuo Kikuu kina fahari kutangaza kwamba malazi na maakuli ya washiriki wa Warsha ya Ukarimu katika Taasisi za Umma yalishughulikiwa kikamilifu. Nasema hivyo nikiwa Katibu wa Kamati husika, na nilikuwepo tangu kitanda cha kwanza.

Nyumba ya wageni ya chuo ina vyumba kumi na viwili. Kamati, kwa bahati njema, ina wajumbe kumi na wawili. Kwa kuwa haifai kumlaza mgeni katika kitanda kisichohakikiwa, kila mjumbe alijitolea kuhakiki kimoja. Kanuni zinataka uhakiki wa siku tano mfululizo. Warsha nayo ilikuwa ya siku tano. Washiriki walipangiwa madawati ya Ukumbi wa Pili, ambayo hayakuhitaji uhakiki, kwani hakuna aliyewahi kudai kuwa yanalalika.

Maakuli tuliyahakiki vivyo hivyo, katika mkahawa wa wahadhiri, asubuhi, mchana na jioni. Washiriki, ambao njaa yao haikuwa na utaratibu, walikimbilia kibanda cha mama lishe nje ya lango. Tulikwenda kumkabidhi ilani: kibanda hakimo katika orodha ya huduma zilizoidhinishwa, kivunjwe kabla ya Ijumaa.

"Baba, nina miaka kumi na minane hapa," alisema akikoroga maharage. "Nikivunja, wanangu watakula ilani?"

"Mama, hilo liko nje ya hadidu zetu za rejea," alijibu Mwenyekiti.

Ili kudhibiti utoro, tulitoa pia waraka: kuanzia Jumatano, asiyesaini daftari la mahudhurio asipewe chumba wala sahani. Ulikuwa waraka mzuri. Niliuandika mimi.

Jumatano mchana tulikuta mabegi yetu kwenye baraza ya nyumba ya wageni, yamepangwa kwa vyeo. Msimamizi alikuwa amelipitia daftari, asione jina la mjumbe hata mmoja.

"Ndugu, unanijua mimi ni nani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nakujua sana, mzee wangu. Ila daftari halikujui."

Mlango wa mkahawa ulikuwa na nakala ya waraka na kufuli. Kufikia saa kumi, tumbo la Mwenyekiti lilikuwa limetoa maoni mara tatu. Tukaenda langoni. Warsha yenyewe ilikuwa imehamia huko. Mtoa mada alikuwa amesimama kati ya mabenchi, sahani mkononi.

Mama lishe alituona, akafunika sufuria. Akatoa ile ilani, akaigeuza upande mweupe.

"Andika hapa, baba, kwamba kibanda kimo kwenye orodha."

"Mama, huduma huidhinishwa baada ya kuhakikiwa siku tano."

"Haya. Basi na njaa yako tuihakiki siku tano. Kaa pale, mimi nipo."

Mwenyekiti alisaini. Mimi niligonga muhuri, huku nikitazama sufuria.

Kuhusu malazi, Kamati inaendelea kuhakiki madawati ya Ukumbi wa Pili, ambako washiriki walisogea kutupa nafasi kwa ukarimu mkubwa. Taarifa ya awali inaonyesha kwamba ni magumu.