Gari Lisilonguruma

Jumatatu, 12 Agosti 1974
Petroli hakuna Kigoma nzima, wiki ya tatu sasa. Mimi Amuri nacheka tu! Bi Mwanaima, mjane mzuri kuliko wote Ujiji, ametangaza: atakayefikisha magunia yake matatu ya dagaa stesheni Jumamosi, kabla treni haijaondoka, ndiye alete mshenga. Hamdani kajitokeza na baiskeli. Baiskeli! Mimi ninalo gari la mashindano, lile aliloniachia Mbelgiji aliyekimbia Kongo. Nitalitia umeme.

Jumatano, 14 Agosti
Fundi Bonaventura ni mtu wa ajabu, wallahi. Kang'oa injini, kafunga mota ya winchi kutoka meli mbovu. Betri kumi na nane tumeazima kwenye malori yaliyolala. Anasema sasa lina nguvu kuliko lilivyozaliwa. Akataka kufunga na honi. Nimekataa. Honi inakula umeme!

Ijumaa, 16 Agosti
Tumelijaribu. Mama wee! Kufumba na kufumbua tuko Gungu, kofia yangu imebaki Ujiji. Na kelele? Hakuna hata kidogo. Nimempita Hamdani, katumbukia mtaroni kwa mshtuko na baiskeli yake. Nilitaka kumbusu Bonaventura. Akaomba chai tu.

Jumamosi, 17 Agosti
Balaa. Hapa kwetu majamvi ya dagaa huanikwa mpaka barabarani. Wenyewe hukaa kivulini. Wakisikia gari kwa mbali, hukimbia kuanua. Leo nani asikie nini? Nimefika kwa Bi Mwanaima mbio, nikapita juu ya majamvi yake matano. Gari halikukwaruzika hata! Akauliza kwa nini sikupiga honi. Nikamweleza habari ya umeme. Akamwita Hamdani aje apakie. Amewahi treni kwa dakika tano. Njia nzima alikuwa anapiga kengele, mshenzi yule.

Jumapili, 18 Agosti
Mshenga wa Hamdani kapita mlangoni kwangu, kanzu imenyooshwa. Roho imeniuma, sifichi. Bonaventura kaja na honi, ya bure, kuifunga ni dakika kumi. Fundi hodari sana, lakini mambo makubwa hayaoni. Nimemrudisha nayo. Dawa nimeipata mwenyewe: ile injini ya zamani tutaifunga kule nyuma, kazi yake iwe kunguruma tu.
Kesho naanza kutafuta petroli.