Kizibo Namba Nne

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi iliyo nyuma ya soko.

KUHUSU: SOMO LA WACHIMBA MADINI NA MADHARA YAKE KWA BABA WA FAMILIA

Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

Baada ya kukutakia afya njema wewe na chaki zako, nasikitika kukutangazia rasmi kwamba tangu wiki iliyopita nyumba yangu inatawaliwa na kizibo cha soda. Si mimi, si mke wangu, wala si mama mkwe wangu, ambaye kwa kweli ndiye tuliyemzoea. Kizibo. Kimetobolewa kwa msumari, kimeandikwa namba kwa rangi ya kucha, na kinaning'inia kwenye ubao karibu na mlango.

Mimi ni fundi makochi. Sikusoma sana, lakini karakana yangu ina dirisha linalotazama barabara, na mtu akitazama barabara hujifunza mengi. Siku hizi sitazami. Natazamwa.

Chanzo ni mwalimu wako wa historia. Aliwaeleza watoto kwamba zamani mchimbaji, kabla ya kushuka mgodini, alitundika ubaoni kibati chenye namba yake. Akipanda salama, anakichukua. Zamu ikiisha nyapara anautazama ubao, na kibati kikiwa bado kipo, basi kuna mtu chini, na wenzake wanarudi kumtafuta. Somo zuri. Tatizo ni kwamba binti yangu wa darasa la tano, ambaye sasa mtaa mzima unamwita Nyapara, alilisikiliza. Tena mwalimu akawaagiza kila mmoja atengeneze ubao wa namna hiyo, aulete Jumatatu upewe alama.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nimepewa namba nne. Ya kwanza ni ya mama mkwe, ya pili ya mke wangu, ya tatu ya mdogo wake Nyapara, ambaye bado anavaa suruali nyuma mbele. Nilipouliza ni utaratibu gani umetumika, nikaambiwa ni wa kuamka. Nikasema baba ni baba hata akiwa usingizini. Nyapara akanijibu kwa upole wa kutisha: "Baba, mgodini hakuna mkubwa. Kuna aliyepanda na ambaye hajapanda."

2. Chakula. Anayetoka nyumbani hutundika kizibo chake, na kizibo cha mtu yeyote kikiwa ubaoni, hakuna kupakua. Jumanne nilikwenda kwa kinyozi. Kichwa changu umekwisha kukiona, kwa hiyo sitaeleza nilikwenda kunyoa nini. Niliporudi nikawakuta wote wameketi, mikono wameshanawa, sufuria zimefunikwa, macho kwangu. Hakuna aliyenifokea. Ningefokewa ningejua la kufanya, nina uzoefu. Mama mkwe alisema tu, "Karibu, mkwe. Tulishaanza kukusamehe."

3. Kuku. Watoto waliambiwa pia kwamba wachimbaji walishuka na kindege ndani ya kizimba, ili hewa ikiwa mbaya kindege kizidiwe kwanza na watu wakimbie. Kindege hatuna. Tuna kuku wa mama mkwe, ambaye hafukuzwi wala hatukanwi. Karakana yangu, iliyo upande wa pili wa ua, imetangazwa kuwa Shimo la Kwanza. Siingii bila kutundika kizibo na bila kuku kutangulia. Juzi nilikuwa nimeacha wazi kopo la gundi. Kuku aliingia, akatazama huku na huku, akatoka mbiombio kama mtu aliyekumbuka kitu. Shimo likafungwa hadi adhuhuri. Mteja wangu wa kochi la kukunjua, lile linalogeuka kitanda, alizuiwa mlangoni na mtoto mwenye sufuria kichwani. Akaniuliza, "Fundi, humu mnatengeneza makochi au mabomu?" Jioni kuku huyohuyo alitangulizwa chumbani kwangu mara tu baada ya mimi kuvua viatu. Matokeo sitayaandika.

4. Hili ndilo limenikaa rohoni. Kizibo cha mke wangu kilikuwa hakijawahi kutundikwa hata mara moja. Nyapara akaliona. Akamuuliza tukiwa tunakula, "Mama, zamu yako inaisha saa ngapi?" Tulicheka wote, isipokuwa mwenye zamu. Alinyamaza. Mwalimu, nimeishi na kunyamaza kwa mke wangu na nakujua kwa aina zote, lakini huku kulikuwa kupya. Kesho yake alasiri alifuta mikono, akatundika kizibo, akatoka. Hakuaga. Kwa kanuni za mgodi, ambaye kizibo chake kiko ubaoni amekwisha kuaga. Tulikaa na sufuria tupu tukitazama namba mbili inavyoyumba. Aliporudi alisema alikuwa kwa shoga yake mshonaji, wameketi. Nikauliza, mmeketi mkifanya nini? Akasema, "Tumeketi." Sasa anaketi karibu kila siku.

5. Maswali. Sisi wa zamani tulifundishwa madini vizuri kabisa: dhahabu iko hapa, shaba iko pale, chora ramani, paka rangi. Tulidhani vitu hivyo huokotwa. Hakuna aliyetutajia mtu, na mitihani tulifaulu (mimi sikufaulu, lakini si kwa sababu hiyo). Binti yangu akishika kitasa cha mlango anauliza ni nani aliyeshuka kuyaleta madini yake, alikuwa na taa gani, alikunywa maji wapi, na kama alipanda. Mtu unataka kufungua mlango tu, unajikuta umesimama hapo unamwaza mchimbaji usiyemjua hata kwa jina. Na mlango wenyewe ni wa choo, Mwalimu. Kuna wakati mtu ana haraka.

Kwa hiyo naomba somo hili lifutwe, na badala yake watoto wafundishwe wafalme. Mfalme alikwenda atakako, akarudi apendapo, na hakuna kitabu kinachosema aliwahi kuulizwa chakula kimepoa kwa sababu ya nani. Hilo likishindikana, basi madini yafundishwe bila wachimbaji, kama zamani. Na hilo nalo likishindikana, Jumatatu Nyapara akileta ubao wake naomba apewe sifuri.

Najua ni ombi geni kutoka kwa mzazi. Tena ubao wenyewe umepigwa randa ukateleza, na misumari imekaa mstari mmoja; mkono huo kautoa kwangu. Ndiyo maana nasisitiza, kwani mwalimu yeyote akiuona hivihivi atampa mia. Akipata sifuri atakata tamaa, ubao utaishia jikoni kwenye moto, na mimi nitarudi kuwa mtu ambaye hakuna ajuaye alipo, kama baba wengine wote.

Leo Jumamosi natundika kizibo changu kwa mara ya mwisho, nikalimalize lile kochi la kukunjua. Barua hii nitaileta kwa mkono wangu.

Nisalimie walimu wote, hata huyo wa historia, ambaye simchukii. Msalimie mpishi wa shule na mlinzi wa getini. Mke wangu anakusalimu, akiwa nyumbani. Mama mkwe anakusalimu. Kuku hana salamu.

Ni mimi, mzazi mwenye kutundikwa,
Fundi Makochi

Nyongeza, Jumapili: Ile sifuri usiitoe.

Jana nilijilaza ndani ya lile kochi ili nikaze springi ya chini, nalo likajikunja nami ndani. Nilipiga kelele. Lakini sponji ile niliipanga mimi mwenyewe na, bila kujisifu, haipitishi sauti. Saa ya kula ilipofika mama mkwe alisema, "Pakueni, huyo yuko kwa kinyozi." Walichungulia karakana, wakaona kochi limekunjwa vizuri na mtu hayupo. Nyapara akakataa katakata. Alisema kizibo kipo, kwa hiyo mtu yuko chini, na sufuria hazifunuliwi. Akaingia tena, kuku mbele. Kuku alikwenda mpaka kwenye kochi, akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza redio.

Aliyelivuta likafunguka ni mke wangu. Hakufoka. Aliniuliza, "Umepanda?" Nikasema nimepanda, nikaenda ubaoni kukichukua kizibo changu. Alipakua tukala, kisha akatundika chake akaenda kuketi.

Kuku anakusalimu.

Niwie radhi kwa mikunjo ya karatasi. Barua ilikuwa mfukoni mwangu.