Nyaya za Injinia

Injinia hakuwahi kusomea uhandisi. Alikuwa na kofia ngumu ya njano, na mdomo uliosoma kwa niaba yake. Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma tena, mto umebaki tope, na bomba la mtaa likifunguliwa linakohoa hewa. Watu walipanga madumu kwenye geti la Baba Mwenye Nyumba, aliyeuza maji ya tangi kwa bei ya kumtoa mtu machozi, ambayo nayo yangefaa kukingwa. Injinia akaitazama ile foleni, akamtazama tajiri mwenyewe anavyotabasamu, moyo ukamtulia. Mtu mwenye tamaa kiasi kile ilikuwa dhambi kumpita.

Akaingia na nyaya mbili za shaba mkononi.

"Shikamoo, mzee. Una maji chini ya ardhi."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Nyaya."

Nyaya zikazunguka uani, zikapita choo kwa heshima, zikatoka getini na kupishana kichochoroni, nje ya ukuta, eti ndipo maji yalipo. Injinia alipapenda pale kwa sababu barabara ya kukimbilia ilikuwa karibu.

"Lakini hapa ni njia ya watu," mzee alisema.

"Kwani ukuta hausogezwi?"

Mzee akacheka kama aliyempata ndugu yake aliyepotea. Taslimu ya kumlipa hana, alidai, ila atampa mkokoteni uliojaa madumu ya maji. "Yamechemshwa, yamechujwa. Nakunywa mwenyewe."

Injinia hakubisha, mitaa ya juu wangeyagombania. Wachimbaji wa mzee walipoanza kupiga sururu, yeye alishakata kona, anasukuma mali yake juani. Koo likakauka. Akafungua dumu moja, akanywa mpaka akashusha pumzi. Mitaa ya juu hakufika. Tumbo lilimgeuza njiani.

Kesho yake alikuwa kwenye benchi la zahanati, amejikunja.

"Umekunywa maji ya wapi?" nesi akauliza.

Akasema. Benchi zima likamgeukia.

"Karibu, mwanangu," alisema mama mshonaji, amempakata mjukuu aliyelegea. "Wote hapa ni wateja wake. Kumbe anayachota kwenye mtaro wa machinjio."

Injinia alijisikia vibaya. Kuibiwa kulikuwa jambo geni kwake. "Kuna watu hawana utu, mama."

"Hawana. Ila biashara yake imekufa. Jana wachimbaji wake wamefukua kisima cha zamani, kilifunikwa kabla hata mimi sijahamia. Maji mengi, na bwana afya kayapima, ni safi. Mzee kaleta matofali asogeze ukuta, akina mama tukakaa juu ya matofali. Kisima kiko njiani, ni chetu sote."

"Kiko... wapi?"

"Kichochoroni. Kuna mtaalamu alipaonyesha kwa nyaya. Tunamtafuta, mtaa mzima tumechanga, tumpe ahsante yake."

Injinia akameza mate, akainua mkono juu kabisa, akafungua mdomo.

"Choo ni mlango ule wa bluu, kaka," nesi akamwambia.

Alitaka kumsahihisha, lakini tumbo lilishakubaliana na nesi. Akaondoka mbio, amejishika.

"Masikini," mama mshonaji alisema, akimfuta mjukuu jasho. "Angekutana na yule mtaalamu mapema, asingefika hapa."