Sikio la Punda wa Picha

Jumatatu, 3 Septemba 1951

Mambo yameharibika. Baada ya misa Padre Abate aliniuliza kwa upole kama mimi na mke wangu tuna ndugu Issuna. Nikajibu kwamba Yunisi ana kaka huko, jina lake Simoni. Akasema vema. Sikuipenda hiyo vema.

Habari yenyewe ni hii. Jumapili Askofu anakuja kuibariki picha kubwa ya kanisa la monasteri: Maria na Mtoto wanakimbilia Misri juu ya punda, Yosefu anatangulia. Ilichorwa zamani za Mjerumani, na hakuna amjuaye mchoraji. Askofu anataka jina. Atakayelipata atakuwa mtunza picha, na mtunza picha ndiye atakayekaa katika nyumba ya mwalimu.

Nyumba yangu! Nimeikalia miaka yote ya ualimu, na tangu Pasaka mimi ni mstaafu. Anselm, katekista, ana watoto sita na anaitamani. Leo ameniamkia shikamoo, Mwalimu, huku akiyatazama madirisha yangu.

Jumanne, 4 Septemba

Nimepata njia. Wachoraji wa Ulaya huandika majina yao kwenye pembe ya chini. Pembe hiyo imeliwa na moshi wa mishumaa. Nikachukua ngazi, majivu na ndimu. Yunisi alinionya kwamba hivyo ni vitu vya kusugulia sufuria. Nikamwambia asichanganye jiko na sanaa.

Nilisugua kwa bidii. Jina halikutokea. Mguu wa malaika ulitoweka.

Nilikuwa nikisogeza kinara kikubwa ili kipazibe mahali hapo, Anselm akaingia. Akanipa pole. Akasema anaona malaika wa Mwalimu amekuwa kiwete.

Jumatano, 5 Septemba

Mungu hamtupi mja wake! Nilipanda ngazi tena kutazama uharibifu, nikaliona sikio la punda. Limekatwa: chanjo mbili nyuma, moja nchani. Si bahati mbaya ya brashi. Kila mtoto wa nchi hii anajua kwamba kila ukoo una mkato wake wa kutia masikioni mwa mifugo, na ole wake atakayekata alama ya mwingine. Huo ni mkato wa ukoo wa Alute, kule bondeni.

Basi mchoraji ni mtu wa ukoo wa Alute! Nani mwingine angethubutu kuikata alama yao, hata kwa rangi?

Yunisi aliuliza kama alama inamwonyesha mchoraji au inamwonyesha mwenye punda. Nikamwambia jambo jepesi lisifanywe gumu.

Alhamisi, 6 Septemba

Nimemweleza Padre Abate. Alisikiliza, akauliza ni yupi katika ukoo huo. Nikasema nitawaita wamtaje wenyewe. Nimepeleka ujumbe mfupi, kwa kuwa maneno mengi ni kasoro: alama yenu imeonekana monasterini, njoni.

Nimemwambia Yunisi apande maboga yake bila wasiwasi. Hatuendi popote.

Ijumaa, 7 Septemba

Siku ya msiba.

Walikuja asubuhi: Alute, wanawe wanne, na shangazi yake, Bibi Stumai, mwanamke mzee sana. Walisalimu kwa adabu. Mmoja alikuwa na kamba. Sikujiuliza kamba ni ya nini.

Alute alisema wamemfuata punda wao. Wamisionari walimwazima zamani za Mjerumani, vita vikaja, punda hakurudi. Leo wamesikia alama imeonekana. Wanamtaka punda, pamoja na wote aliowazaa.

Padre Abate akawaonyesha picha. Nilidhani wataona aibu. Alute alilikagua sikio, akasema ndiye mwenyewe, kisha akauliza punda mzima yuko wapi. Padre akaeleza kwamba hii ni rangi tu. Alute akajibu kwamba mtu hachori sikio asiloliona, na aliyeliona sikio hili alikuwa na punda wao. Wanawe wakaanza kuipima picha kwa kamba.

Padre Abate alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu wa Mungu. Kisha akatoka nje kuwafungulia punda jike wa monasteri, yule wa kuchotea maji.

Nilibaki nikimfafanulia Alute tofauti ya punda na picha ya punda. Bibi Stumai alikuwa akimtazama Yosefu na kucheka. Alinivuta kanzu mara kadhaa. Nikamwomba anyamaze, watu wazima wanazungumza.

Anselm, mnafiki yule, akamletea kigoda. Akamwita bibi yangu. Akamuuliza anacheka nini.

Bibi akasema huyo si Yosefu. Huyo ni Bruda Leonidas, yule wa ndevu nyekundu aliyemwazima punda. Yeye Stumai alikuwa msichana, ndiye aliyemshika punda asitikisike huku Bruda akichora kwa makaa. Alipofika kwa Yosefu alikosa mtu wa kusimama, akajitazama katika ndoo ya maji, akajichora mwenyewe.

Anselm alimshika mkono bibi, wakatoka taratibu kwenda kwa Padre Abate. Mimi nilikuwa bado katika tofauti ya kwanza.

Jumapili, 9 Septemba

Askofu amebariki picha. Anselm alisimama kando yake na fimbo, akieleza. Askofu aliuliza kwa nini malaika ana mguu mmoja. Anselm aliinyoosha tu fimbo kuelekea benchi langu.

Jioni watoto sita walikuwa wameshakaa barazani kwangu. Mmoja alikuwa anakojolea maboga.

Jumatano, 12 Septemba. Issuna

Tumehamia kwa shemeji Simoni. Tunalala chumba kimoja na ndama. Mizigo ilibebwa na punda aliyetolewa na Alute, bure, kwa huruma. Sikioni ana chanjo mbili mpya nyuma na moja nchani. Nilitembea nyuma yake njia nzima. Yunisi hajasema nami tangu Ijumaa, na ndama wananilamba usoni.

Nilitamani kufa. Lakini leo nimeingia katika kanisa dogo la hapa. Kuna picha ya Mtakatifu Ambrosi chini ya mti wenye mzinga wa gogo. Mchoraji hajulikani! Na nyuma ya kanisa kuna chumba cha mlinzi, kitupu, chenye paa la bati.

Nimeutazama mzinga vizuri. Una alama ya moto: mistari mitatu na duara. Hapa kila mrina asali ana alama yake, na hakuna anayethubutu kuutia mzinga alama ya mwingine. Simoni anaujua ukoo wenye alama hiyo. Basi mchoraji amepatikana!

Yunisi alifungua kinywa, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Nikamwambia sina nafasi, napeleka ujumbe.

Mjumbe amerudi sasa hivi. Wanakuja Jumapili, ukoo mzima, na madebe. Bila shaka wananiletea asali.