Nani Yumo Ndani ya Simu Yangu?

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza shajara. Ndani ya simu, si kwenye daftari. Daftari la mwaka jana mke wangu alilisoma lote, akaniandikia maoni pembeni kwa kalamu nyekundu. Safari hii nimefunga kwa neno la siri: mfalme1. Naliandika hapa nisije nikalisahau.

Habari kubwa! Bosi ametangaza kwamba Jumamosi atachagua msimamizi wa karakana. Karakana yetu ni ya mapazia, watu watatu na Bosi wa nne. Mama Upindo, mshonaji, amesema usimamizi hautaki hata kwa kusukumwa. Tumebaki wawili: mimi ninayepima madirisha ya wateja, na Sindano, mkata vitambaa. Sindano ni jina nililompa mwenyewe, kimoyomoyo. Mwembamba, anang'aa, na ukimgusa vibaya unaumia.

Leo pia kimeletwa kishikwambi kipya cha kuandikia vipimo. Kimekaa juu ya meza ya kukatia, kila mtu akione. Kikadai akaunti. Bosi akauliza nani anayo, wenzangu wakatazamana kama wameulizwa hesabu. Nikaweka yangu! Sasa jina langu liko juu ya kila dirisha. Huo ndio uongozi. Tena vipimo vinaandikwa kwenye programu ileile ninayoandikia shajara hii, kwa hiyo naijua vizuri kuliko wote.

Mpango wa kesho: kufika saa moja kasorobo, kabla ya wote, nifagie karakana nzima. Bosi akiingia anikute na ufagio mkononi na jasho usoni. Jasho litatoka bombani.

Mama Upindo amecheka kutwa. Anacheka kama cherehani iliyokosa mafuta. Nyumbani, mchuzi wenye chumvi ya kuhifadhia samaki. Nimekula kimya. Ndoa ni uvumilivu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeshindwa na ufagio.

Nimefika saa moja kasorobo kamili. Sakafu imeshafagiwa! Kumbe Sindano hufika saa kumi na mbili kila siku ya Mungu na kufagia. Miaka minne nilidhani karakana yetu haishiki vumbi. Akanipa kikombe cha maji ya bomba. Nikamwambia sina kiu. Akasema si ya kunywa, ni ya usoni.

Ya usoni! Nani kamwambia?

Saa nne Mama Upindo akaja kwenye meza yangu na kopo la mafuta ya cherehani. Akaliweka, akasema nilitunze, atakapocheka tena nimtilie tone moja. Yale maneno sikumwambia mtu. Niliyaandika humu.

Jioni mchuzi hauna chumvi hata chembe. Nikaomba. Mke wangu akasema chumvi imeisha, samaki wameitumia. Yeye na Mama Upindo hununua mboga kwenye genge moja, lakini hilo haliwezi kuwa na uhusiano wowote.

Hakuna ubishi: kuna mtu ameingia ndani ya simu yangu. Na ni Sindano. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu mwenye nyumba yenye watu hafiki kazini saa kumi na mbili. Mkewe aliondoka mwaka juzi, na mimi simlaumu mwanamke yule. Nani ataishi na mtu anayekunja hata matambara?

Nimebadilisha neno la siri. Sasa ni tarehe ya ndoa yetu, 14 Agosti. Hakuna atakayewaza.

Jumatano, 5 Juni

Nilipoingia kazini wote watatu walikuwa wamezunguka kishikwambi. Wakatawanyika. Nimefurahi kuona wanavichukulia vipimo vyangu kwa uzito.

Baada ya kazi nimekwenda kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ni fundi simu, ana kibanda chenye taa kali na viti viwili. Nikamweleza kwamba nimevamiwa. Akaniuliza kama nimewahi kuingia kwenye akaunti yangu kwa kifaa kingine. Nikamjibu kamwe! Akataka kufungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Nikampokonya simu. Nimekwenda kutafuta faragha, yeye anataka kuchungulia! Akashusha pumzi. Akasema basi angalau tuweke kufuli ya pili: kila mtu akitaka kuingia, itumwe namba ya uthibitisho kwenye simu ninayoiamini. Akauliza itumwe wapi.

Hapa niliwaza kwa kina. Simu yangu imevamiwa, kwa hiyo siiamini. Nikampa namba ya karakana, ambayo laini yake imo ndani ya kile kishikwambi. Pale Sindano hawezi kufanya lolote, kiko mbele ya macho ya watu. Shemeji akarudia swali mara mbili, kisha akaandika. Akaniusia nibadilishe neno la siri na nisiliandike popote. Sikuliandika popote. Isipokuwa hapa, kwa sababu hapa ni siri: Msimamizi2.

Nimefika nyumbani, mke wangu yuko jikoni, mgongo umenielekea. Akasema tulioana tarehe 17. Sikuwa nimemuuliza chochote.

Kesho namtega Sindano. Nitapaka simu yangu unga wa chaki ya bluu, ile tunayochorea vitambaa, niiache mezani, niende msalani. Atakayeonekana na bluu vidoleni ndiye mwizi wangu.

Alhamisi, 6 Juni

Mtego umenasa. Umenasa watu wengi mno.

Nikatoka msalani, nikatangaza kwamba kila mtu anyooshe mikono. Wakanyoosha bila hata kuuliza kwa nini. Sindano ana bluu. Mama Upindo ana bluu mpaka viwikoni. Bosi, ambaye hajashika chaki tangu nimjue, ana bluu na doa moja puani! Halafu nikakumbuka kwamba karakana ya mapazia ni mahali ambapo kila mtu hushika chaki. Lakini bluu yote ile, kabla ya chai?

Sindano akaniita pembeni. Akaniuliza kwa upole kama nimekumbuka kutoka kwenye akaunti yangu kila mahali nilipoingia. Nikamwambia mwizi hamfundishi mwenye nyumba kufunga mlango. Dakika kumi baadaye Bosi akaniuliza swali lilelile. Ameshamtia sumu! Nikamjibu kwamba masuala ya akaunti yangu nayashughulikia mimi na fundi wangu. Akasema sawa, yeye ameshatimiza wajibu wake.

Sasa jambo zito.

Nilipima madirisha ya zahanati Jumatatu, yote ishirini na mawili. Leo ndiyo nimegundua kwamba nilisoma futi kamba upande wa inchi, nikaandika kwenye safu ya sentimita. Dirisha la inchi sitini nimeliandika sentimita sitini. Pazia la sentimita sitini si pazia, ni aproni. Kitambaa kimeshatolewa, majora matatu, rangi ya maziwa, na kesho saa nne Sindano anaanza kukata.

Nikisema, usimamizi umekwenda. Nisiposema, zahanati itafunika wagonjwa wake magoti tu.

Nimekaa stoo katikati ya majora nikiwaza. Likaja! Nitanyamaza. Sindano akate. Akishamaliza nitapiga kelele kwamba mtu aliingia kwenye akaunti yangu akabadilisha vipimo. Nani? Anayeutaka usimamizi! Siku tatu nalalamika kwamba nimevamiwa, mashahidi wapo, hata shemeji yupo. Ndege wawili kwa jiwe moja. Karakana itapoteza kitambaa, ndiyo. Lakini itakuwa imepata msimamizi.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya ushindi. Naandika stoo, nimekalia jora.

Asubuhi Sindano hakuwepo. Wala Bosi. Walirudi saa nne kasoro, Sindano ana futi kamba shingoni. Nikauliza walikuwa wapi. Akasema walikwenda zahanati kumjulia hali nesi. Nesi gani, sikuuliza. Watu wanaojipendekeza hawakosi wagonjwa.

Akaanza kukata. Nilisimama mlangoni nikisikiliza mkasi. Kila mkato nilihesabu. Kwa kweli kulikuwa na wakati moyo uliniambia ingia, sema. Kitambaa kilikuwa kizuri. Nikauambia moyo utulie, Jumamosi ni kesho.

Ishirini na mbili! Nikakimbia ofisini. Nikamwambia Bosi nimevamiwa, vipimo vimechezewa, mapazia yameharibika, na simtaji mtu jina lakini ni mwembamba. Nilitoa hata chozi, la kweli, sijui lilitoka wapi. Bosi alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Akasema maneno hayo ni mazito, niyarudie kesho mbele ya wote kabla hajatangaza msimamizi.

Mbele ya wote! Nimenyoosha shati jeupe.

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika kwa kifupi.

Nilisimama na shati langu. Nikasema yote. Nikamnyooshea Sindano kidole. Nilipomaliza, mlango ukafunguka, wakaingia mke wangu na shemeji. Nikadhani wamekuja kunipongeza.

Bosi akamwomba Mama Upindo afungue kishikwambi. Mama Upindo akavaa miwani. Akasoma, kwa sauti ya mtu anayetangaza habari: "Nikisema, usimamizi umekwenda. Nisiposema, zahanati itafunika wagonjwa wake magoti tu."

Nikapiga kelele kwamba huo ndio ushahidi! Faragha yangu! Wezi! Shemeji akanishika bega kama anayemfariji mfiwa. Akaeleza taratibu. Hakuna aliyenivamia. Jumatatu niliingiza akaunti yangu kwenye kishikwambi kwa mkono wangu mwenyewe, na tangu hapo kila ninaloandika kwenye simu linatokea pale juu ya meza ya kukatia, juu kabisa, mbele ya vipimo. Ukitaka kuona dirisha la mteja lazima kwanza upite kwenye mchuzi wa mke wangu. Na kila nilipobadilisha neno la siri, kishikwambi hakikuuliza jipya hadi asubuhi, shajara ikiwa imeshafika na iko wazi, wao wakalisoma humo wakaliandika. Niliponogesha kwa kufuli ya pili, namba ya uthibitisho ikatumwa hapohapo mezani.

Mama Upindo akasema mwanzoni walisoma kwa kucheka, na ile chaki ilikuwa wazo lake. Bosi akasema nilionywa mara tatu, nikafukuza wote. Jana alfajiri walikuta habari ya inchi. Wakaenda zahanati kupima upya, yeye na Sindano, dirisha baada ya dirisha. Mapazia yamekatwa sawa. Akasema bila shajara yangu majora matatu yangekwenda na maji, na kwa hilo ananishukuru. Kwa mengine, hapana.

Msimamizi ni Sindano.

Nikadhani atanicheka. Hakucheka. Akasema kweli nyumba yake ni tupu, na ndiyo maana anawahi. Akishika ufagio asubuhi upweke unapungua kidogo. Akasema aliyasoma maneno hayo Jumatano, na tangu hapo wenzake ndio waliomsomea vipimo, maana hakutaka kukutana na lingine. Kisha akamwomba Bosi asinifukuze. Yeye! Akamwomba!

Niliona aibu. Aibu ya kweli, masikio yakawaka, nikatazama viatu vyangu. Ilidumu hadi chai.

Adhabu: kwa miezi mitatu nitashika ncha ya futi kamba, Mama Upindo asome namba. Mke wangu amesema nyumbani kwetu sasa nitapika mwenyewe na chumvi nitajipimia, kwa inchi au kwa sentimita, nitakavyopenda.

Jumatatu, 10 Juni

Ukurasa mpya. Mimi ni mtu huru!

Jana shemeji alinisafisha. Ametoa akaunti yangu kwenye vifaa vyote, ameondoa namba ya karakana akaweka yangu, neno la siri jipya kabisa. Akanifanya niape kwa kurudia maneno yake: siandiki neno la siri popote, siingii kwenye kifaa cha watu. Nimeapa. Faragha yangu imerudi mikononi mwangu na hakuna atakayeigusa tena.

Asubuhi kishikwambi kilikuwa kitupu. Kikadai akaunti. Sindano akasema, bila haraka, kwamba baada ya chai atafungua akaunti ya karakana yenyewe, ya wote. Nikaitikia vizuri kabisa, ndiyo msimamizi.

Halafu nikawaza. Madirisha ninayapima mimi, hata kama nashika ncha tu. Juu yake likae jina la karakana, ambayo msimamizi wake ni nani? Kwanza hatujui hata kama anajua kufungua. Wakaenda kunywa chai. Nikaweka yangu. Kwa ajili ya vipimo tu! Shajara nimeifungulia ukurasa wa pembeni ambao hakuna mtu mwenye akili atakayeufungua, nimeuita BINAFSI, kwa herufi kubwa, wajue pa kutogusa.

Neno la siri ni 17 Agosti. Mke wangu akija kuuliza, nitaweza kuthibitisha kwamba nimelikumbuka.

Mpango wa wiki hii nitauandika kesho, nikiwa nimetulia. Nadokeza tu kwamba msimamizi ana ufagio anaoupenda, na ufagio huweza kupotea.

Niko stoo. Chai imekwisha, wamerudi mezani. Mama Upindo anacheka tena. Ile cherehani, kweli, inahitaji mafuta.